Nilimbakishia Vitu Vitatu

Kwetu Tanga mwanamke aliyeolewa hajipambi kwa ajili ya barabara. Akitoka hujifunika buibui lake, na kilichomo ndani ni siri ya nyumba yake. Kujipamba kwenyewe ni kwa jioni, mtu ameshaoga, vyombo vimeshaoshwa, nyumba imetulia. Nilikuwa nikiyajua hayo kama kila mwanamume wa Ngamiani anavyoyajua, yaani nilikuwa nikiyajua kwa pua. Sikuwahi kukaa nikayafikiria.

Mke wangu alikuwa na kasha la mbao nyeusi. Mama yake, Mpemba, mtoto wa wakulima wa karafuu, alivuka nalo alipokuja kuolewa huku kwetu. Ndani yake mlikuwa na mrashi wa shaba wa kunyunyizia marashi ya waridi, jiwe la kusagia liwa ya kupaka usoni, dalia, ule unga wa manjano wa kujipaka unaonukia, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, vipande vya udi vilivyofungwa kitambaani, na chetezo cha udongo cha kuufukizia. Juu ya hivyo vya mama yake yeye aliongeza vya dukani: poda, rangi za mdomo, rangi za kucha, krimu, manukato ya chupa ndogondogo. Alikuwa mpambaji wa maharusi. Hapo mtaani petu mtoto wa kike hakutolewa nje siku ya harusi yake kabla hajapita mikononi mwake, na wengine waliletwa kutoka Tongoni na Mwera.

Jioni alipomaliza kazi zote alikuwa akiingia ukumbini ambako mimi nasikiliza redio, na harufu yake inatangulia. Alishona kikuba cha asumini na rehani, akakibana kifuani. Asumini ilitoka uani kwetu. Ijumaa aliitundika kanzu yangu juu ya tenga, akaweka chetezo chini yake, nami nikaenda msikitini nanukia udi. Niliona ni mambo ya kawaida, kama maji mtungini.

Kisha ukaja wakati wa shida. Wenzangu wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Sabuni ilikuwa ya foleni, na foleni ikiisha sabuni ilikuwa imeshakwisha zamani. Tulifulia majani ya mpapai. Vitu vizuri vilivuka mpaka kutoka Mombasa, chini ya magunia, chini ya viti, vingine vimefungwa viunoni mwa watu. Vya mke wangu aliletewa na wateja wake, kwa sababu mama wa bibi harusi hakuja mikono mitupu.

Mimi nilikuwa karani wa ghala katika shirika la umma. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, na wakati ule hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Ghala lenyewe lilikuwa halina kitu. Kutwa nzima nililinda rafu tupu, nikafunga kwa kufuli, nikarudi nyumbani na ufunguo mfukoni. Na nyumbani nilikuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni, vicheko chumbani, na watu wanaoniamkia upesi upesi ili nipishe njia. Nje nilijulikana kama mume wa mpambaji.

Ulipoanza msako wa walanguzi, watu waliingiwa na hofu. Wako waliomwaga sukari baharini. Wako waliotumbukiza vitambaa chooni. Jirani yetu alichukuliwa kwa ajili ya sabuni zilizokutwa chini ya kitanda chake. Nami nikaogopa, na hofu ndiyo sababu niliyompa mke wangu. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Ukweli uliobaki ni zile rafu tupu na vile viatu mlangoni.

Alasiri moja nilitandika mkeka chumbani, nikalifungua kasha, nikaanza kutoa kitu kimoja kimoja. Mke wangu aliingia na ungo wa mchele mkononi.

"Unatafuta nini, baba watoto?"

"Sitafuti. Tunapunguza."

"Tunapunguza nini?"

"Hivi vikorokoro. Watu hawana chumvi, weye umejaza kasha zima manukato. Chagua vitatu. Mtu mwenye akili vinamtosha vitatu."

Akacheka. "Vitatu kwani ni mafiga?"

"Miye sifanyi mzaha."

Akauweka ungo chini. Akaniangalia, akaviangalia vitu vyake vilivyotapakaa mkekani. "Basi hivi vya Mombasa chukua," akasema. "Poda, rangi, hizo chupa, chukua zote, sina neno. Lakini vya mama havikuvuka mpaka. Udi unauzwa sokoni hapo, kweupe. Nani atamfunga mtu kwa ajili ya liwa?"

Alikuwa na haki, na nilijua ana haki. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema kwa sauti ya mkutano, na mtu akishaanza sauti ile hushindwa kuishusha. Nikamwambia vyote ni anasa. Nikamwambia mwanamke anayejiamini hahitaji kujipakapaka. Nilisema mengi. Mengine niliyasoma magazetini, mengine niliyatunga palepale.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hata asumini ya uani?"

"Hata hiyo."

"Haya. Chagua weye basi. Kwani huwa navivaa kwa ajili ya nani?"

Niliona ni swali la kiburi, nikachagua. Nilimbakishia mafuta ya nazi, wanja, na kopo la poda. Hivyo kwangu vilikuwa usafi. Vingine vyote vilikuwa mapambo. Baadaye sana ndipo nilipotambua kwamba lile kopo la poda lilikuwa limetoka Mombasa, kama alivyoniambia mwenyewe. Nilikuwa nimeviondoa vya halali vya mama yake na kubakiza cha magendo.

Nilivifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaupakia kwenye baiskeli, nikaenda nao Pongwe kwenye kijishamba changu. Nilichimba chini ya mchungwa wa mpakani, nikafukia. Nikiwa narudi nilijihisi mwepesi. Nakumbuka hata nilipiga mluzi.

Watu wa msako walikuja kweli. Walipekua uvungu, walipekua stoo, wakalifungua kasha. Kijana mmoja wao akainua kopo la poda, akalinusa, akalirudisha. "Mama, ndiyo haya tu?"

"Ndiyo hayo tu, mwanangu," mke wangu akamjibu. "Mume wangu hapendi makuu."

Wakacheka, wakatoka. Nikamgeukia nikiwa na furaha ya mshindi. "Umeona?"

"Nimeona," akasema.

Ijumaa ile kanzu yangu ilikuwa imefuliwa na kunyooshwa vizuri kama siku zote, lakini ilinuka mpapai. Rafiki yangu mmoja, mtu wa masihara, alijisogeza pembeni yangu tulipokuwa tunatoka msikitini. "Sheikh, leo umetokea kwako au umetokea ghalani?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Niliona ni shida ya kupita.

Haikupita. Jioni alikuja ukumbini ameoga, uso una maji, amejifunga kanga ya kazi. Alikaa, akaniuliza habari za kazini, akanieleza za watoto. Hakuninunia. Laiti angeninunia. Alipika, alicheka, aliniuguza nilipopata malaria, alimzika mama yangu kama vile ni mama yake. Hapana mtu wa nje ambaye angeweza kuniambia kimepungua nini nyumbani mwangu. Ile sehemu ya jioni tu ndiyo iliyofungwa, na aliyeifunga ni mimi, kwa mkono wangu na kwa hotuba.

Maharusi nao aliwaacha. Wanawake walipokuja kumuomba aliwaambia amestaafu. Siku moja, mimi nikiwa chumbani, nilimsikia shoga yake akimgombeza uani.

"Shoga, weye umeingia uzee kabla ya siku zake. Hata asumini? Hii haina foleni wala kibali!"

"Nayo ilikutwa ni anasa," mke wangu akasema, na wote wawili wakacheka kicheko kirefu. Nilikaa kitandani mpaka walipohama pale.

Asumini iliendelea kuchanua bila kuchumwa. Asubuhi alifagia maua pamoja na majani.

Halafu mambo yakafunguliwa. Maduka yakajaa kama ndoto, vitu vya Dubai, vitu vya kila pembe, vimepangwa mpaka nje kwenye vibaraza, na hakuna aliyeuliza vimepita wapi. Shirika letu lilikuwa linakufa polepole, nami nikapunguzwa kazini pamoja na wenzangu wengi. Neno walilotumia kwenye barua lilikuwa hilohilo, kupunguzwa. Kile nilicholipwa nilikiingiza kwanza dukani. Nilinunua udi wa kuchoma, mafuta ya manukato, poda za aina aina, rangi za mdomo ambazo sikujua hata jinsi zinavyofunguliwa. Mwenye duka alinitania kwamba nimeoa tena.

Nilimwekea mbele yake. "Mama watoto, dunia imefunguliwa."

Alifungua kimoja kimoja, akanusa, akafunga vifuniko vizuri. "Vizuri hivi. Vinanukia." Akavipanga ndani ya kasha. Kila Ijumaa alivitoa, akavifuta vumbi, akavirudisha. Joto la Tanga unalijua. Rangi za mdomo ziliyeyuka ndani ya vikopo vyake, zikaganda, zikayeyuka tena. Alinishukuru kila nilipoongeza kitu. Hakuna alichopaka.

Nikajiambia anataka vile vya mama yake. Nikarudi Pongwe na jembe. Mchungwa ulikuwa umekua na mizizi imelishika lile furushi. Nailoni ilikuwa imechanika. Udi ulikuwa umeliwa na mchwa, dalia imekuwa udongo kwenye udongo, chetezo vipande. Jiwe la liwa sikuliona, ingawa nilichimba mpaka jua likanichoma utosini. Mrashi wa shaba ndio uliobaki, kijani kitupu, shingo imepinda kidogo. Nilikaa kibarazani nikausugua kwa ndimu na majivu mpaka ukang'aa. Nikamkabidhi.

Aliushika kwa muda mrefu, akiuzungusha. Aligusa kwa kidole pale ulipopinda.

"Nilikosea," nikamwambia. Lilikuwa neno geni mdomoni mwangu, nikalirudia ili nilizoee. "Nilikosea, mke wangu."

"Yameisha hayo."

"Basi jioni, kama utapenda..."

"Baba watoto," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, "usifikiri miye nakukomoa. Nilikasirika siku zile, nikamaliza. Sasa mkono hauendi tu. Nikiufungua huo udi, naona kama nampambia mtu nisiyemjua."

Ningejua la kufanya na hasira. Hasira ina mlango. Hili halikuwa na pa kubishia hodi.

Tumaini langu la mwisho lilikuwa harusi ya binti yetu. Mke wangu alisema hataki mpambaji wa kukodi. Akalifungua kasha, akavitoa vyote nilivyonunua, akafukiza na udi, akaagiza dalia na liwa mpya, akachuma ile asumini ya uani mpaka mti ukabaki majani. Nyumba ikajaa harufu mpaka njiani. Nilisimama ukumbini kwangu kama mgeni aliyewahi kufika. Mara akapita mbele yangu kwenda kuchukua maji, mikono yake imekuwa ya manjano mpaka viwikoni, na nikaona hakusahau chochote. Vidole vilikuwa vilevile. Binti alipotolewa nje wanawake walipiga vigelegele, na wazee wakaulizana nani kampamba, wakaambiwa mama yake mwenyewe. Nikawaza: dalia haitoki upesi. Harufu itabaki mikononi mwake kwa siku kadhaa, nami nitakuwa karibu.

Asubuhi yake nilimkuta uani, amechutama karibu na bomba, anajisugua mikono kwa maganda ya ndimu. Alisugua kwa nguvu, kama mtu anayetoa masizi ya sufuria.

"Iache itoke yenyewe," nikamwambia.

"Inanisumbua puani," akanijibu bila kuinua kichwa.

Siku hiyohiyo alimpa binti kasha lote, na mrashi juu yake. Alibakiza vile vitatu. Poda ilipokwisha hakununua nyingine, kopo akalitia sindano na nyuzi. Wanja aliuacha macho yalipoanza kumuuma. Yamebaki mafuta ya nazi.

Mjukuu wetu hutujia likizo na mkoba wake wa vipodozi. Juzi alivimwaga kitandani akasema anataka kuvipunguza, wasichana wa siku hizi wanabakiza vichache, ngozi ipumue. "Bibi, weye ngozi yako nzuri na hupaki kitu. Nani alikufundisha?"

"Muulize babu yako," mke wangu akasema, akaendelea kushona.

Mtoto akanigeukia anatabasamu, anangoja. Nikamwambia asitupe vile alivyopewa na mama yake. Nilitaka kuendelea, lakini mke wangu alikuwa anasikiliza, na sindano yake ilikuwa imesimama. Nikaishia hapo. Sindano ikaendelea.

Sasa hivi ni jioni nami niko ukumbini. Ameshaoga. Anapita nyuma ya kiti changu kwenda kufunga dirisha, na najua ni yeye kwa sababu nasikia kandambili zake.