Wageni wa Reunion

Nahudumu mezani katika hoteli moja huku Dubai Marina, na aibu ya juzi bado inaniwasha masikio. Meneja wetu alinipita mbio: "Jioni tuna wageni wa Reunion. Pamba meza, yalla!"

Kwetu Kenya, neno hilo ni sherehe ya ndugu waliopoteana wakikutana tena. Nikaguswa, maana mama yangu sijamwona tangu nije huku. Nikatundika mabaluni, nikamwomba mpishi keki yenye maandishi "Hatimaye Tumeonana!"

Wakaingia mama Mwafrika, mzee wa Kihindi, kijana Mchina na Mzungu mmoja. Nikawaza, ukoo huu umechanganyika kweli! Walibeba vanila na sukari, nikadhani ni zawadi za ndugu. Nikamshika mzee mkono, nikampeleka hadi kwa yule mama.

"Mkumbatie dada yako, sir. Usione haya."

Wakakumbatiana kwa adabu. Mimi nikalia.

"Mwanangu," yule mama akasema, akinipa leso, "huyu nimemjua leo kwenye ndege. Reunion ni kisiwa chetu, mkoa wa Ufaransa. Tumekuja kuuza vanila."

Kisha akanikumbatia na mimi, meneja akitazama.