Kiputo Kitupu cha Stoffel

Mariette Claes alichora katuni za gazeti la watoto la kila wiki hapa kwetu Antwerp. Shujaa wa katuni hizo alikuwa mpelelezi, sawa, lakini watoto walinunua gazeti kwa ajili ya rafiki yake Stoffel, muuza chipsi mlafi, mwoga, mwenye matusi ya vyakula vya kibandani kwake, chipsi na mayonezi.

Mhariri mpya, bwana Wouters, akamwambia, "Bi Mariette, mapadri wanalalamikia matusi ya Stoffel. Huyu msafishe, la sivyo tunamtoa."

Mariette hakubishana. Alimchora Stoffel akisukumwa mtoni na majambazi, ila kiputo cha maneno juu yake akakiacha kitupu.

"Mbona hasemi kitu?" Wouters akauliza alipoletewa mchoro.

"Nimeandika ulichoniachia, bwana."

"Aseme, 'Jamani, taratibu.'"

"Anayesema hivyo ni jirani yako mpole, bwana. Stoffel simchori hivyo."

Wouters akaivuta karatasi kwa hasira. Wino mbichi ukamchafua shati jeupe.

"Mayonezi iliyochacha wewe!" akafoka.

Mariette akachovya kalamu, akayaandika maneno hayo kwenye kiputo. "Haya. Tuyafute?"

Wouters aliutazama mchoro, akizuia kicheko.

"Yaache," akasema. "Ila mapadri wasijue ni yangu."