Taa ya Ngusa na Kobe wa Ziwani

Ngusa alitoka Samuye akiwa mchunga ng'ombe, akaja Geita kulinda mawe ya dhahabu kwenye karasha moja, mashine ya kusaga mawe, iliyojengwa kando ya ziwa. Kazi hiyo ilimfundisha kutomwamini mtu. Shemeji yake alipokuja kumtembelea alivuliwa viatu getini, vikakung'utwa, ndipo wakasalimiana. Wenye mawe walimpenda kwa hilo. Walimwambia pia kwamba kiroba kimoja cha mawe kikipotea, arudi kwa ng'ombe wake.

Asubuhi moja alimkuta Vumilia, muuza dagaa wa pale mwaloni mitumbwi inapopakulia samaki, ameinama nje ya uzio wa waya, chini ya taa kubwa, anaokota kitu.

"Shikamoo, Baba Fredy," akamsalimia Ngusa kwa jina la mwanawe.

"Marahaba. Ndoo ina nini?"

"Watoto wa kobe."

"Na chini ya kobe?"

Vumilia akaimwaga mwenyewe. Vikatoka vitoto vya kobe wa ziwani, vidogo kama vifuniko vya soda, vingi vimekauka. Vumilia akaeleza. Watoto wakitoka mchangani jioni hufuata penye mwanga, na tangu zamani penye mwanga palikuwa majini. Sasa ni hapa. Wanapanda huku, jua linawakuta, wanakufa.

"Mayai mengine yataanguliwa wiki hii. Igeuze taa iangalie ukuta wa karasha, Baba Fredy."

"Nikuwekee giza, uje na wajomba zako mbebe viroba?"

"Wajomba zangu wana migongo mibovu."

"Wezi wote wana migongo mibovu mchana."

Akamfukuza. Lakini vile vitoto vilivyokauka havikumtoka rohoni. Mawe, ambayo hayafi, yalikuwa na uzio, taa na mlinzi mwenye rungu. Viumbe hai vilikuwa na mwanamke mmoja na ndoo yake.

Jioni akamwita. Taa ataigeuza, ila Vumilia akae juu ya viroba, pale karibu na uzio, mikono ikionekana.

"Ukijikuna, nitauliza unajikuna nini."

Vumilia akapanda, akakaa. Giza likaingia, Ngusa akaigeuza taa. Ng'ambo ya waya mchanga ukatikisika, vitoto vikachomoza, vikasita, kisha vikateremka ziwani. Vumilia alikuwa anavitazama. Ngusa alikuwa anamtazama yeye.

"Mbona unacheka?"

"Wamefika, Baba Fredy."

Ngusa akageuka upesi, akawahi kumwona wa mwisho akiingia majini, kisha macho yakarudi kwenye mikono ya yule mama.

"Kesho uwahi," akasema. "Usipokaa hapo juu, taa siigeuzi."