Maneno Chini ya Sinia la Bibi

Mnisamehe kwa mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja hunichukua siku nzima.

Naishi Ilala na bibi yangu, natengeneza simu Kariakoo kwenye meza ya kuazima. Akiba ya kupata kibanda changu niliiweka kwenye sarafu za mtandaoni. Nilinunua kompyuta ya mtumba, nikang'oa kadi yake ya waifai, na tangu hapo haijaonja intaneti. Ufunguo wa sarafu, yaani namba ya siri ya kuzitoa, unakaa humo. Kompyuta ikifa, ufunguo unarudishwa kwa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Lakini yeyote akiyapata maneno hayo, amepata akiba yote.

Karatasi inaungua, inalowa. Nikafikiria vyombo. Kwetu wanawake huchonga majina chini ya sufuria na masinia yao, yasichanganyike kwenye shughuli. Nikaona maandishi mengine hayatamshangaza mtu. Sinia kubwa la bibi lilikuwa juu ya kabati muda mrefu. Nikayachonga chini yake kwa msumari. Bibi sikumwambia. Niliona aibu, maana kueleza siwezi.

Jumamosi moja nikarudi, juu ya kabati hakuna kitu.

"Bibi, sinia liko wapi?"

"Limeenda harusini, nyumba ya tatu. Ulitaka likae linaangalia dari?"

Nilikimbia. Uani wanawake walikuwa wanaosha vyombo. Mimi hata kununua vitumbua huona aibu, sembuse kusimama mbele ya akina mama saba.

"Shikamooni."

"Marahaba. Umefuata ukoko, baba?"

"Nimefuata sinia la bibi."

"Mwanamume anafuata sinia! Huyu akioa, mkewe atapumzika." Wakacheka. Mmoja akalipindua. "Ndiyo hili? Bibi yako ana majina kumi na mawili? Nimelipiga picha, nimemtumia binti yangu anisomee."

Nikalichukua sinia, nikaondoka. Kumwomba afute kusingesaidia tena, picha ilishafika kwa binti.

Nyumbani nikawasha kompyuta, nikatengeneza ufunguo mpya wenye maneno mapya, nikaidhinisha humo uhamisho wa sarafu zote kwenda huko, kisha nikautuma kwa simu. Bibi alikaa kitandani pembeni yangu mpaka nilipomwambia zimefika salama. Ndipo nikamweleza yote, kwa kugugumia.

"Sasa ungeugua," akasema, "nani angejua kwamba sinia langu ni benki?"

Hilo sikuwahi kuliwaza. Nilikuwa nimemficha hata mtu ambaye ningemwachia akiba hiyo.

Maneno mapya tumeyachonga kwenye kipande cha bati. Bibi ndiye aliyechagua mahali, na amenikataza kuwaambia ninyi. Kila Ijumaa ananiuliza, "Benki yetu haijambo?"

Nawaomba, ninyi wenye sarafu kama zangu, mniandikie. Msiseme mmeficha wapi maneno yenu. Nataka kujua tu mlimweleza nani nyumbani, na mlianzaje.