Neno la Mwandishi kwenye Boksi la Haluwa

Nisameheni, kisa hiki nitakiharibu: kilipotokea, mdomo wangu ulikuwa umejaa haluwa.

Ni Izki, huku Oman, dukani kwa bibi mmoja muuza haluwa, mzaliwa wa Unguja. Wateja walikuwa hawaji, karibu afunge duka. Akamwita mwandishi wetu mashuhuri, amwombe picha na neno lake avitie kwenye boksi.

"Sheikh, andika tu: 'Tamu.'"

"La, bibi. Mimi sisifu nisichokimaliza."

Akakunja mkono wa kanzu, akala bakuli zima la kuonjea, bibi kakodoa macho. Akalamba vidole, akaandika: "Nimemaliza."

Wallahi, jana foleni ilifika barabarani!

Nikamkimbilia mwandishi. "Shikamoo mzee! Neno moja basi la kuisifu safu yangu ya gazetini."

"Marahaba. Kwani dukani nilisemaje?"

Simlaumu. Hata mimi nikiiandika husinzia katikati.