Shimo Lililokula Watu

Video ya kwanza iliingia kwenye kundi letu la WhatsApp, la sisi wauza mchele wa Tinde: mkono umeshika jiwe, jiwe linang'aa, mtu anacheka. Ilisemekana ni pori moja upande wa Geita. Nami nilicheka. Wiki hiyohiyo bei ya ng'ombe mnadani ikaporomoka, maana kila mtu alikuwa anauza apate nauli ya kwenda kwenye rashi, huko watu wanakokimbilia dhahabu mpya, huku sururu na nyundo zikipanda kama sukari wakati wa mfungo. Redio nazo zikaidaka habari, zikaizungumza asubuhi mpaka jioni. Hapo nikaanza kuogopa.

Mdogo wangu alikuwa na maksai wawili wa kulimia, na hao ndio waliokuwa wakimlisha yeye na mama. Mvua zilikuwa karibu. Mama alimkatalia katakata kuwauza, naye akanuna, akawa anashinda anaikodolea simu.

Kisha ikaja video ya pili. Duara moja, shimo la wachimbaji, limetitia. Wanawake wanapiga mayowe, wanaume wanafukua kwa mikono. Mungu anisamehe, nilishukuru. Nilijua sasa mdogo wangu atatulia. Nikaenda nyumbani mbiombio.

"Umeyaona hayo?"

"Nimeyaona, dada. Shimo limekula watu. Basi mali ipo."

Kumbe ndivyo wachimbaji wanavyoamini: dhahabu haitoki bila damu, na palipomwagika damu ndipo ilipo. Nilimfokea, nikamwita mpumbavu, mama akalia. Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake zizi lilikuwa tupu. Aliwauza wote wawili kwa bei ya kutupa, akapanda basi.

Tangu hapo mama, aliyekuwa akiichukia simu yangu, akawa anataka kuona kila video ya mashimo. "Rudisha tena, mwanangu," ananiambia, huku akimtafuta mwanawe katikati ya vumbi. Nilichoka, lakini nilirudisha.

Ya mwisho niliiona mtandaoni nikiwa sokoni, peke yangu. Miili ilikuwa imelazwa juu ya turubai. Wa pili alikuwa mdogo wangu. Hata uso hawakumfunika. Walioitazama walikuwa wengi kuliko watu wote wa Tinde, na chini yake walikuwa wameandika: "Ni wapi huko?" "Nauli shilingi ngapi?" "Nani anaondoka kesho, twende wote?"