Marehemu Watarajiwa

Siku ya nne baada ya mazishi ya mume wangu, Jumatano tarehe kumi na tisa Machi, saa nne asubuhi, dada yake mkubwa alifungua sanduku lake la bati ili nguo zigawanywe. Chini ya suti ya kijivu akakuta daftari letu. Ukoo ulikuwa umekaa uani kwetu Sikuda, wanaume kwenye viti vya kanisa ambavyo vilikuwa bado havijarudishwa, wanawake kwenye mikeka. Nilikuwa nikimimina chai. Nilimwona akifunua ukurasa, akifunua mwingine, kisha akikaa polepole juu ya kifuniko cha sanduku.

"Mulamu," aliniita, kama tunavyoitana huku mtu na wifi yake. "Kuja hapa. Hii watu yote umeandika ni nani?"

Kila ukurasa ulikuwa na mwaka wake juu, majina saba upande wa kushoto na saba upande wa kulia. Mbele ya baadhi ya majina palikuwa na msalaba na tarehe. Mwandiko wa majina ulikuwa wangu, na hapakuwa na mtu pale asiyeujua, kwa maana ndimi niliyewaandikia wengi wao barua za shule na za kanisa.

"Huyu nilisikia kwa redio amekufa," alisema, kidole kikishuka. "Huyu pia. Huyu pia. Na tarehe umeweka." Akaniangalia. "Sasa kaka yetu uko naye ukurasa gani?"

Vikombe vilikaa mikononi mwa watu, hakuna aliyekunywa.

Mume wangu alikuwa karani wa mizigo mpakani Busia kwa miaka ishirini na sita. Malori yalipita mbele ya dirisha lake, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna karatasi inayovuka bila tarehe. Mimi nilikuwa mchuuzi wa samaki. Nilinunua mputa, yaani sangara, kule Majanji na kumuuza sokoni Tororo. Nilipoolewa sikujua kusoma. Niliingia darasa la watu wazima nikiwa na miaka arobaini na mmoja, Jumatatu tarehe tano Februari, na nikaufanya mtihani wa darasa la saba nikiwa na miaka arobaini na minane, katika chumba kimoja na watoto wa umri wa wajukuu zangu. Nilifaulu, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo.

Mchezo ule aliubuni ili nipate kitu cha kuandika. Kila tarehe mosi Januari, tukitoka ibadani, tuliketi mezani na kila mmoja akataja watu saba mashuhuri ambao kwa maoni yake hawangemaliza mwaka. Yeye alitaja, mimi niliandika. Kisha nikaandika wa kwangu. Juu ya ukurasa aliniamuru niandike "Marehemu Watarajiwa", kama fomu za ofisini kwake zilivyotaja mizigo inayotarajiwa. Baadaye aliipitia kazi yangu kwa kalamu nyekundu na kuongeza maoni yake pembeni.

Kanuni zilikuwa tatu. Ya kwanza, asitajwe mtu ambaye matanga yake tungeweza kuyafikia kwa miguu. Huku kwetu ukisema jirani atakufa, umemloga, na akifa kweli utaulizwa. Marais wa nchi za mbali, waimbaji na makocha wa mpira hatukuwahesabu hivyo, maana vinywa vyetu havikuwafikia. Ya pili, kifo hakihesabiwi mpaka kisomwe kwenye taarifa ya habari. Taarifa ilipokwisha na matangazo ya vifo vya hapa kwetu yakaanza, mume wangu alivua kofia, na mchezo ulisimama mpaka jina la mwisho lisomwe. Ya tatu, aliyepata msalaba alikula kichwa cha mputa, na mwenzake akabaki na mkia.

Alikuwa na rais mmoja mzee, wa nchi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona, aliyemtaja miaka kumi na mmoja mfululizo.

"Huyu mzee ananionea," alilalamika. "Kila Januari namchimbia kaburi, kila Desemba anahutubia taifa."

"Mwache mzee wa watu apumzike."

"Si ndicho ninachomwombea!"

Tarehe mosi Januari ya mwaka aliofariki alikuwa amekonda. Tulisema ni vidonda vya tumbo, kwa sababu ndivyo tulivyopenda viwe. Aliketi mezani na koti lake la baridi, akaanza kutaja: mchezaji mpira wa miaka kumi na tisa, binti mkimbiaji, mwimbaji kijana ambaye hata ndevu hazijatimia. Nilipoandika wa nne niliweka kalamu chini.

"Hawa watoto watakufa na nini?"

"Andika."

"Baba, utakula mkia mwaka mzima."

"Andika, mama. Mkia nao una utamu wake."

Niliandika, nikidhani ugonjwa umemharibia hesabu. Mimi nilicheza kwa akili. Wa kwanza wangu alikuwa mpiga gitaa mzee ambaye muziki wake ulipigwa siku ya harusi yetu. Redio ilikuwa imesema kwamba hatembei tena.

Mume wangu alilazwa hospitalini Tororo Jumatatu tarehe tatu Machi. Jumatano tarehe kumi na mbili, saa saba mchana, nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha nje nikimnunulia uji, redio ya mwenye kibanda ikisoma habari. Nikasikia jina la yule mpiga gitaa. Nilitoa daftari kwenye mkoba, nikaweka msalaba na tarehe nikiwa nimesimama pale pale, kisha nikakimbia. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, nilikimbia kwenye ukumbi wa hospitali uji ukinimwagikia mkononi, nikacheka kabla sijafika kitandani.

"Baba, nimeshinda!"

Alifumbua macho. "Nani?"

Nilimwambia. Aliangalia dari.

"Tulicheza wimbo wake siku ya harusi," alisema.

"Tulicheza."

"Umeweka tarehe?"

"Nimeweka."

"Basi kichwa ni chako." Akageukia ukutani.

Hakuniambia neno jingine la maana baada ya hapo. Aliomba maji, aliomba blanketi. Alifariki Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri. Tangazo lake la redioni niliandika mwenyewe, mistari sita, bila kosa hata moja.

Daftari nililirudisha sandukuni mwake, chini ya suti, na sasa wifi yangu alilishikilia kifuani. Baba mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kikao, alikohoa.

"Hiyo kitabu ichomwe leo," alisema. "Na huyu mama aseme mbele ya watu kwa nini alikuwa anaandika wafu."

Ningeweza kusema kwamba mchezo ni wa mume wangu. Ingekuwa kweli, na ingemwacha yeye, asiyeweza tena kujibu, na jina la mchawi. Ningeweza pia kuliacha daftari lichomwe na kubaki salama. Lakini mle ndani ndimo ulimokuwa mwandiko wake wote niliokuwa nao. Fomu zake zilibaki mpakani. Mimi sikuwahi kuandikiwa barua, kwa kuwa wakati wa barua sikujua kuzisoma.

"Nipeni nisome," nilisema. "Mkishasikia, chomeni."

Nilisoma nimesimama, kama tulivyofundishwa darasani. Nilisoma kanuni tatu, nikasoma majina, kisha maneno mekundu ya pembeni. Mbele ya kocha mmoja: "Huyu hafi, hufukuzwa tu." Mbele ya yule rais: "Bado. 31 Desemba. Anacheka." Mwaka uliofuata: "Bado. Ameoa tena."

Mtu mmoja kwenye viti vya nyuma aliguna kwa kicheko. Wifi yangu alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika.

"Huyo ni yeye," alisema. "Mungu wangu, huyo ni yeye kabisa." Kicheko chake kikageuka kilio pale pale, na wanawake wakamsogelea.

Nikafika ukurasa wa mwisho. Nilisoma saba wangu, na msalaba. Nilisoma saba wake, kijana baada ya kijana, na hapakuwa na neno jekundu hata moja. Nilipofika jina la sita ndipo nilipoelewa. Alijua. Tangu Januari alijua anakokwenda, na hakutaka kumtaja mtu yeyote wa kufuatana naye. Na mimi nilimgombeza, kisha nikamkimbilia na kifo mkononi kama mtu aliyeleta zawadi.

Baba mdogo hakusema tena habari ya moto. Wifi alinirudishia daftari.

"Basi muandike na yeye, mulamu. Weka tarehe."

"Kanuni ya kwanza hairuhusu," nilimjibu. Kaburi lake liko hatua arobaini kutoka jikoni.

Tangu siku ile nimesikiliza kila taarifa ya saa saba kwa ajili ya wale watoto wake saba wa daftarini. Yule mchezaji alivunjika mguu Jumapili moja ya Agosti, nami nikamwombea kanisani kwa jina, jambo lililomshangaza mchungaji. Jumatano tarehe thelathini na moja Desemba, habari zilipokwisha, niliandika mbele ya kila mmoja wao "yupo", mara saba. Rais mzee alihutubia taifa.

Asubuhi nilikuwa nimekwenda Majanji, nikanunua mputa mzima. Kichwa nilichoshinda Machi nilikiweka kwenye sahani yake, upande wake wa meza. Mimi nilichukua mkia. Aliniambia una utamu wake. Niliula mpaka mfupani, huo utamu sikuuona.